Umbali Kutoka Mtoni

Faili namba kumi na saba, Manispaa ya Kasese.
Mwombaji: Nzanzu Kithaghenda, muuza saruji.
Ombi: hosteli ya ghorofa tatu, vyumba arobaini na vinane,
ukingoni mwa Nyamwamba, chini kidogo ya daraja.
Kazi yangu ni kusema maji yatafika wapi.

Ramani ni safi kama shuka la harusi.
Mchoraji ameupaka mto buluu, mstari mmoja, umetulia,
na kando yake miti mitatu ya duara
isiyowahi kuota Kasese.

Kwanza nilitafuta takwimu.
Daftari la kituo cha kupimia limejaa tarakimu:
sentimita sitini, sitini na mbili, themanini, sitini.
Halafu Mei ile, kistari.
Juni, kistari. Mwaka mzima vistari.
Nikamuuliza mtunza daftari, akacheka bila furaha:
"Kipimo chenyewe kilisombwa, mhandisi.
Nani angebaki pale kukisoma?"
Basi siku kubwa kuliko zote
ndiyo siku isiyo na namba,
na kikokotoo changu kitiifu
kinairuka kama siku kavu.

Nikashuka kiwanjani.
Mawe makubwa kama matrekta yamekaa majanini,
yameteremka kutoka Kilembe bila kuomba kibali.
Kati ya mawili kuna kipande cha reli ya mgodini,
kimepindwa kama waya wa kuanikia nguo.
Nikapiga picha. Nikapima.
Nzanzu alinifuata na mwavuli,
akisema msingi utainuliwa mita mbili,
akisema nondo ni nene, akisema benki imekubali,
akisema, "Mvua ile ilikuwa ya mara moja."

Mara moja. Nasi kwenye ripoti tuna namna yetu:
mara moja katika miaka mia.
Watu husikia mia
wakadhani wameahidiwa tisini na tisa.

Ithungu muuza mkaa alikuwa akitusikiliza.
Biashara yake ameipanga juu ya mlango,
mlango wa mvule uliolazwa kwenye matofali,
bado una kitasa na bawaba tatu.
"Maji yalifika bawaba ya juu," alisema.
Nikafurahi. Mungu anisamehe, nikafurahi
kama mtu aliyeokota noti njiani.
Tulihamisha mafungu ya mkaa, nikatandaza tepe:
mita moja na sentimita sabini na nne.
"Na mlango ulisimama wapi, mama?
Nionyeshe kizingiti."

Hakuinuka. Alinyoosha mkono wenye masizi
kupita kiwanja, kupita mwavuli wa Nzanzu,
kupita ukingo,
akaelekeza katikati ya mto,
pale mkondo unapogawanyika kwenye jiwe lenye mgongo mweupe.
"Pale. Mtoto alilala chumba cha kushoto."

Sikuuliza.
Tepe ilijirudisha yenyewe mkononi, ikanikata kidole.
Hata Nzanzu alifunga mwavuli,
ingawa manyunyu yalikuwa hayajaisha.

Usiku, ofisini, nikafika kipengele cha tisa:
Umbali wa kiwanja kutoka mtoni, kwa mita.
Kutoka mto upi?
Wa ramani? Wa leo asubuhi?
Ule uliopita sebuleni kwa Ithungu
ukapapenda, ukahamia?
Fomu inadhani mto ni ukuta,
kwamba ukiupima Jumatatu
utaukuta Ijumaa.

Nikaandika kwa penseli: Hamsini na mbili, leo.

Asubuhi faili limerudi mezani kwangu.
Bwana Muhindo, mkubwa wangu, amelizungushia neno la mwisho
wino mwekundu, na pembeni:
Futa. Hapa panatakiwa namba tu.

Nimekaa na kifutio.
Huko juu, Rwenzori imejifunika, kunanguruma.
Lori la Nzanzu limepita dirishani na mchanga wa kwanza,
mchanga wa mtoni, bado unachuruzika.
Neno lenyewe ni dogo, herufi tatu.

Nimelikoleza kwa kalamu ya wino.